Sufuria Chini ya Kitanda cha Mama

Niliandika kile kisa cha sufuria kwa sababu nilikuwa na hasira na serikali na sikuwa na mtu wa kuongea naye. Baadaye watu walinitafutia sababu nyingine, nzuri na mbaya, lakini sababu ni hiyo.

Nilikuwa nimehamia Kabiro, kule Kawangware, baada ya kumaliza chuo. Dirisha la chumba changu lilitazama ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono. Mchana nilikaa kwenye cyber moja, duka la intaneti, kituo cha Satellite, nikiwajazia watu fomu za serikali kwenye kompyuta. Mtu angenitajia jina la mamake, siku aliyozaliwa mwanawe, kijiji cha babu yake, kisha angechukua karatasi yake na kwenda bila kuniuliza naitwa nani. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu; unaungua kabla haujaiva. Mkono wangu ulikuwa umezoea kupikia watu wengi.

Mwaka huo vijana walikuwa wametoka barabarani na mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliimba, tukapigwa gesi ya machozi, tukakimbia, tukarudi. Halafu baadhi ya waliotutangulia, watu ambao sauti zao zilikauka kwa kutusemea, wakaanza kuonekana kwenye picha wameketi meza moja na wale wale tuliokuwa tukiwapigia kelele, wanacheka hadi meno ya nyuma. Niliuliza kwenye kikundi cha simu cha wenzangu wa chuo: sasa tulikuwa tunamtoa nani ili tumweke nani? Mmoja akajibu kwa jina langu la utani, "Prof, pumzika." Mwingine akatuma katuni ya kucheka. Niliitazama ile simu hadi ikajizima yenyewe.

Ndipo nikaandika. Katika jiko moja kubwa aliishi Mwiko, aliyezigonga sufuria zote na kuonja kila chakula kabla ya wenye njaa. Siku moja sufuria zikamkataa, zikamtupa nje kwenye matope, na zikatangaziana sheria tatu: masizi ni ya wote, kila sufuria itakaa motoni kwa zamu, na hakuna sufuria itakayoiuliza nyingine imetoka duka gani. Zikamchagua Sufuria Kubwa aziongoze. Sufuria Kubwa akapanda rafuni, kwa muda tu, ili amwone Mwiko akirudi. Hakushuka. Zamu yake ya motoni ilipofika alisema, "Moto nimeshaujua. Sasa kazi yangu ni kuukumbuka kwa niaba yenu." Mwishoni sufuria mmoja mdogo aliuliza zamu yake ya rafuni ni lini, akaambiwa ana tundu. Hakuwa na tundu. Lakini alivyoendelea kuambiwa, akaanza kuvuja.

Nilikipenda hicho kisa. Nilikisoma kwa sauti mbele ya ule ukuta wa jirani, nikacheka peke yangu.

Jumamosi nilikuwa naenda kumwona Mama. Natembea kutoka Kabiro, napita Satellite hadi Ngong Road, nakata kuingia Kibera, nateremka mpaka Gatwekera. Mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama katika kanisa letu la mabati, na alikuwa na jambo moja tu aliloniomba kila wiki, nirudi kanisani. Niliacha kwenda nikiwa mwaka wa pili chuoni. Sikugombana na mtu. Nilikuwa tu mtu wa kuuliza maswali tangu utotoni. Kwenye shule ya Jumapili niliwahi kumuuliza mwalimu ni nani aliyeosha vyombo baada ya karamu ya mwisho, nikatolewa nje.

"Jumapili ya akina mama inakaribia," Mama aliniambia Jumamosi moja. "Vijana hawana mchezo wa kuigiza. Si wewe ulisomea hayo mambo?"

"Nilisomea, lakini mimi siku hizi..."

"Hakuna atakayekuuliza kama unaamini. Unaandika, unakaa nyuma, unakula pilau. Nyathina, mwanangu, hata kwa ajili yangu?"

Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Nikawapa vijana kisa cha sufuria, nimekigeuza mchezo. Nilijiambia kwamba watu wa kanisa letu huilalamikia serikali toka asubuhi, kwa hiyo wataelewa upesi.

Hapa lazima nieleze sufuria zilizokuwa chini ya kitanda cha Mama, kwa sababu kila aliyekuwa kanisani siku hiyo alizifahamu, na mimi niliyelala juu yazo miaka yote sikuzifikiria hata mara moja.

Zilikuwa sita, kubwa, za kupikia watu wa matanga. Gatwekera mtu akifiwa, jamaa na majirani hukusanyika kwake kila siku mpaka mwili usafirishwe kwenda kwao kijijini, na wote lazima wapate chai na chakula. Hakuna mwenye sufuria za kiasi hicho. Kwa hiyo akina mama wa kanisa walikuwa wamenunua zao za pamoja, na zamani zilikaa kwa mke wa pasta. Huyo mama alizigeuza zake. Aliyemsalimia vizuri alizipata mapema. Asiyemsalimia alizipata zikiwa chafu. Na nyama ikiiva, bakuli la kwanza lilienda kwake kabla ya wafiwa.

Nilipokuwa darasa la sita, jirani yetu wa ukuta mmoja, mama anayefulia watu nguo, alifiwa na mtoto. Mke wa pasta akamnyima sufuria. Alisema mwanamke huyo hajaonekana kwenye maombi kitambo, aende azitafute huko anakoshinda. Habari ilimkuta Mama njiani akitoka kuteka maji. Aliutua mtungi wake katikati ya njia, watu wakawa wanauruka, akaenda. Akina mama wengine wakamfuata. Walitoka kwa mke wa pasta mchana kweupe, sufuria vichwani, wakiimba, na watu walitoka milangoni kuangalia. Mimi nilibeba kifuniko. Nilikitumia kama ngoma na hakuna aliyenikataza.

Mlangoni kwa jirani, Mama alipanda juu ya jerikeni la maji akasema mambo ambayo bado nayasikia: sufuria hizi hazina mwenyewe, zitahama nyumba kila mwaka, na mtu akifiwa asiulizwe anaomba wapi. Wakaafikiana ziende kwetu kwanza, kwa mwaka mmoja.

Mwaka ulipokwisha, nyumba iliyofuata ilikuwa inavuja. Uliofuata, mume wa mwenye zamu alikuwa mlevi, angeweza kuziuza. Kisha nikaenda bweni, nikaenda chuo, na sikujua tena zamu ilikuwa ya nani. Nilijua tu kwamba nikirudi likizo nitagonga kisigino kwenye sufuria nikipanda kitandani. Zilikuwa sehemu ya nyumba.

Vijana walipokuja kuomba vifaa vya mchezo, Mama hakuuliza mchezo unahusu nini. "Chukueni zangu," alisema. "Hizo zenu ni za kuchemshia mayai."

Jumapili kanisa lilijaa. Nilikaa nyuma karibu na mlango, kama nilivyoahidiwa. Aliyeigiza Sufuria Kubwa alikuwa msichana mmoja msusi, ambaye hushinda na akina mama siku nzima vichwa vyao vikiwa mapajani mwake, na hakuna asichokijua. Mwiko alipotupwa nje, watu walipiga makofi. Mama, kwenye kiti cha mbele, alicheka kuliko wote, akamgusa bega aliyekaa karibu naye na kumwonyesha kwa kidevu upande anaokaa mke wa pasta. Nikaona kwamba Mama amedhani Mwiko ni yule mama. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, hajaelewa, nitamweleza baadaye kwamba ni mambo ya nchi.

Kisha msusi akapanda juu ya benchi, ambalo ndilo lililokuwa rafu. Akafungua leso kiunoni, akaifunga upya kwa kuikaza mara mbili, akaweka mkono mmoja nyongani na kukohoa kidogo kabla ya kusema. Hayo sikuyaandika. Hivyo ndivyo Mama anavyofanya kabla ya kusema neno lolote mbele ya watu.

"Moto nimeshaujua," msusi akasema.

Kanisa likalipuka. Sijawahi kusikia kicheko cha aina hiyo. Kilikuwa na kitu kilichokaa ndani muda mrefu. Bibi mmoja akasimama akipunga kitambaa. "Haki hapo umesema!" Sauti kutoka upande wa kwaya ikadakia, "Mwaka umeisha, mwenyekiti! Shuka!" Na wote wakarudia, wakipiga miguu, "Shuka! Shuka!"

Mama aliendelea kucheka. Alikuwa wa mwisho kujua. Niliuona mgongo wake ukitikisika, kisha ukitikisika polepole, kisha ukitulia. Hakugeuka nyuma. Mchezo ulikuwa bado haujafika kwa sufuria mdogo mwenye tundu, na hapakuwa na namna ya kuusimamisha.

Nje, jirani yetu anayefua nguo alinishika mkono. Mikono yake ni migumu kwa sabuni.

"Wewe umenitoa kitu rohoni," akasema. "Nilifikiri hujui."

"Kujua nini?"

Alinitazama akapima kama namtania. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Mwaka huo wakati wa mvua alifiwa na mama mkwe. Watu walijaa kwake. Akaenda kwetu kuomba sufuria, hatua nne tu, na Mama akamwambia kwamba siku hizi anaonekana kanisa lingine, azitafute huko. Alipika kwa vyombo vidogo vya kuazima huku na huku. Wageni walikula kwa mafungu, waliotangulia wakiwatazama waliosubiri.

"Maneno yale yale," akasema. "Nikakumbuka alivyosimama juu ya jerikeni mlangoni kwangu."

Nilikuwa nimeandika mchezo mzima juu ya jambo hilo bila kulijua, na aliyelitenda alikuwa Mama, katika nyumba niliyokulia.

Tulirudi nyumbani, Mama mbele, mimi nyuma. Vijana walikuwa wamezirudisha sufuria na kuzipanga mlangoni. Mama alizisukuma chini ya kitanda moja moja, akakaa juu yake.

"Uliniandika mimi?"

"Hapana, Mama. Niliandika serikali."

"Serikali inalala chini ya kitanda changu?"

"Nilihitaji mfano tu. Nikachukua vitu vya jikoni."

"Vitu vya jikoni viko vingi. Kuna vijiko. Kuna sahani. Kuna ile meko mbovu ya gesi." Alikuwa hanikasirikii kwa sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Nimekulea juu ya hizi sufuria. Nimezilinda kuliko viatu vyangu. Kuna ambao wangeziuza siku ya pili. Hilo uliliandika?"

Sikuwa nimeliandika. Ni kweli kwamba hakuna sufuria iliyowahi kupotea, wala kutoboka. Nikitaka kusema ukweli wote, wakati ule wala sikumwona kama mtu aliyelewa madaraka. Nilimwona mwanamke aliyechoka, amevaa gauni lake la Jumapili, aliyekuwa amemlilia mwanawe arudi kanisani.

"Kwa nini ulimnyima jirani?" nikauliza. Sijui kunyamaza. Ni ugonjwa.

"Toka," akasema. "Nenda, kutaingia giza uko njiani."

Jumanne akanipigia simu nikiwa cyber. Akina mama walikuwa wanakuja alasiri kuchukua sufuria. "Njoo uwaambie ulichokuwa unaandika," akasema. "Ukisema wewe watasikia, umesoma." Nilielewa anachotaka. Alitaka sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa ya kweli. Nilimwachia mteja fomu yake nusu, nikaomba ruhusa, nikaenda karibu nikikimbia.

Nilipofika walikuwa wameshaketi, kitandani, kwenye vigoda, kwenye jerikeni. Jirani yetu alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama aliyekuja kuazima chumvi. Aliyesema alikuwa katibu wa akina mama, mwanamke mwembamba anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, asiyependa kuzungusha maneno.

"Prof, karibu. Tusaidie. Ule mchezo ulikuwa wa nani?"

"Wa serikali," nikasema.

Mama akashusha pumzi. "Si niliwaambia? Nyinyi mnapenda maneno."

"Sawa," katibu akasema. "Ulikuwa wa serikali, tumekubali. Serikali iko mbali, tutaijadili siku nyingine. Sasa mimi nauliza hizi sufuria. Ziende au zisiende?"

Hilo lilikuwa swali lingine, na nililijua jibu lake tangu darasa la sita. Mama alinitazama. Hakuwa ananitisha. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa jukwaani shuleni, nimesahau shairi, naye yuko katikati ya wazazi akinisogezea midomo ili nikumbuke. Nilijua nikinyamaza tu itatosha. Wangenung'unika, wangeondoka, na Jumamosi ningekuja kunywa chai na kugonga kisigino.

Chuoni nilikuwa mtu wa kuwauliza maprofesa maswali hadi wenzangu wananivuta nguo nikae. Nilidhani huo ndio ujasiri. Kumbe nilikuwa sijawahi kumuuliza mtu yeyote ambaye kimya chake kingeniumiza.

"Ziende," nikasema.

Hakuna aliyeshangilia. Nilikuwa nimedhani wangeshangilia.

"Ulisema mwenyewe, Mama," nikaendelea, ingawa hakuna aliyeniomba niendelee. "Juu ya jerikeni. Ulisema mwaka mmoja. Na ulisema mtu asiulizwe."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilisikia."

"Alikuwepo," jirani akasema kutoka mlangoni, kwa upole. "Ndiye aliyekuwa akipiga kile kifuniko."

Mama akapiga magoti. Katibu akainuka kumsaidia, Mama akamzuia kwa kiganja. Alizivuta mwenyewe, moja moja, akaipangusa kila moja kwa ncha ya leso, ndani na nje, ingawa zilikuwa zinang'aa. Kubwa zaidi aliishika kidogo kabla ya kumpa jirani.

"Hii hushika chini," akamwambia. "Ukipika mchele, usiiachie moto mwingi."

"Nimesikia, dada," jirani akasema. Alikuwa analia, na Mama hakuwa analia.

Katibu alisema zitakaa kwa jirani mwaka mmoja, "halafu tutaona." Hilo neno "tutaona" nililisikia vizuri. Nilifungua mdomo niulize tutaona nini, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaufunga. Walibeba sufuria kwa mikono, hatua nne, bila wimbo. Zote sita zilikuwa zimeshaingia nyumba ya pili kabla chai haijapoa.

Nilitaka kubaki. Nilianza kukusanya vikombe nivioshe, kama kawaida, na Mama akavichukua mkononi mwangu.

"Acha," akasema. "Umetoka mbali."

Sikuelewa siku ile. Nilidhani ni hasira, na hasira ya Mama naijua, inakaa wiki moja kisha inaniomba nimpitishie chumvi. Nikampa wiki moja. Jumamosi iliyofuata nilienda na mkate na sukari. Alinipokea kwa mikono miwili. Akapangusa kiti, ambacho hakikuwa na vumbi. Akanipa chai kwenye kikombe chenye maua, kile ambacho mimi na ndugu zangu tulikatazwa kukigusa kwa sababu ni cha wageni. Aliniuliza habari za Kawangware. Aliniuliza kama kazi inaendelea vizuri. Nilimwambia kwamba nimeacha kuandika, na hiyo haikuwa kweli kabisa, na akasema, "Usiache. Umesomea." Nilitafuta kejeli ndani ya sauti yake, sikuipata.

Chini ya kitanda palikuwa peupe, pamefagiliwa. Kupitia ukutani tulimsikia jirani akisogeza vyombo, na kila sauti ya bati ilipolia Mama alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na alichokuwa akisema.

Nilipoinuka kuondoka, aliinuka pia. Nyumbani kwetu mtoto akiondoka hakuna anayeinuka. Anatoka tu, na sauti inamfuata ikimwambia afunge mlango vizuri. Mama alichukua leso yake, akaifunga, akaikaza mara mbili, akatoka na mimi. Tulipanda njia pamoja, yeye akinionyesha pa kukanyaga penye maji machafu, njia ambayo naijua kwa macho yaliyofumbwa. Alinisindikiza hadi kwenye reli ya treni. Hapo akasimama, akanipa mkono.

"Asante kwa kuja," akasema. "Karibu tena siku nyingine."